Forosadi za Kahe: Kuvuna na Kuhifadhi Tunda Lisilosubiri

Kutoka Moshi mjini hadi stesheni ya Kahe, ambako reli ya kutoka Voi iliunganishwa na reli ya Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni mwendo wa kilomita zipatazo 20 tu. Hata hivyo msafiri hutambua mara moja kwamba ameingia katika nchi nyingine ya hewa. Migomba na mikahawa ya miteremko imebaki nyuma. Mbele yake ni tambarare yenye jua kali, iliyo mita zipatazo 700 juu ya usawa wa bahari, inayopata maji yake kwa mifereji na chemchemi zinazotokana na mvua za mlimani. Katika tambarare kama hii mti wa mforosadi, ambao baadhi ya watu huuita mulberi, hustawi vizuri uani ukipata maji. Hupandwa kwa kijiti kilichokatwa na kuchomekwa ardhini, na haumsumbui sana mwenyewe. Taabu huanza siku matunda yanapoiva.

Kila mwenye mti huu anaijua taabu hiyo. Ndoo iliyochumwa saa sita mchana huanza kutoa majimaji chini kabla ya jua kuchwa. Kesho yake asubuhi hunuka kama pombe, na keshokutwa imefunikwa na ukungu wa kijivu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mavuno huliwa na ndege, hukanyagwa na watoto, au humwagiwa kuku, wakati familia hiyo hiyo hununua jamu dukani. Katika makala haya tutaeleza kwa nini tunda hili huharibika upesi namna hiyo, na mambo ambayo mtu wa kawaida, hata asiye na umeme, anaweza kuyafanya ili mavuno ya wiki tatu yamfae kwa mwaka mzima.

Msomaji aliyewahi kuona vitabu vya bustani vya nchi za baridi atauliza: mbona maelezo yao ni juu ya beri nyeusi, yule mmea wa miiba utambaao? Beri hizo zina ndugu zao wa porini katika Kilimanjaro, kwenye kingo za msitu juu ya mashamba, palipo na ubaridi na ukungu mwingi. Msitu huo uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kuchuma humo si jambo la kujiamulia. Tena, beri nyeusi za kupandwa hutaka ubaridi ambao Kahe haina. Forosadi inachukua nafasi yake vizuri, na karibu kila kanuni ya kuvuna na kuhifadhi tunda moja inafaa kwa lingine.

Tunda lililo matunda mengi

Ukiitazama forosadi kwa makini utaona kwamba si tunda moja bali ni mkusanyiko wa vijitunda vingi vidogo, kila kimoja kikiwa mfuko wa ngozi nyembamba mno uliojaa maji matamu. Beri nyeusi nayo ina umbo hilohilo, ila asili zao ni mbali. Vijitunda vya beri nyeusi hutokana na ua moja lenye vifuko vingi vya mbegu, na mmea huo ni wa ukoo wa mawaridi. Vijitunda vya forosadi hutokana na maua mengi yaliyobanana katika kishada kimoja, na mti wake ni wa ukoo mmoja na mtini na mfenesi. Fenesi kubwa la kilo kumi na forosadi ndogo ya gramu mbili zimejengwa kwa mpango uleule! Tofauti ni kwamba fenesi lina ganda nene la kulilinda, na forosadi haina ganda lolote.

Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za uzito wa forosadi ni maji, na maji hayo yamefungwa katika mifuko ambayo hupasuka kwa uzito wa forosadi nyingine zilizo juu yake. Mfuko mmoja ukipasuka, utamu wake humwagika juu ya jirani zake. Chachu, yaani vijidudu vile vile ambavyo mpishi wa mbege huvikaribisha kwa makusudi, huwa tayari juu ya ngozi za matunda zikingoja chakula. Hugeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Mbegu za ukungu nazo huota pale penye unyevu.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Tunda lililochumwa bado lina uhai: hupumua, likitumia oksijeni na kuichoma sukari yake kidogo kidogo, na katika kupumua huko hutoa joto. Kadiri joto la mazingira linavyozidi ndivyo upumuaji unavyozidi. Kwa makadirio ya jumla, kila nyuzi 10 za Sentigredi zikiongezeka, kasi ya upumuaji huwa mara mbili au hata mara tatu. Ndoo iliyojazwa matunda ya joto hujipasha yenyewe katikati kama lundo la majani mabichi. Ni dhahiri basi kwamba saa moja ya jua la Kahe hula muda wa kuhifadhika ambao hauwezi kurudishwa hata ukilitia tunda hilo katika jokofu jioni.

Kuchuma

Mkulima wa ndizi amezoea kukata mkungu ukiwa mbichi, akauvundika ukaiva. Desturi hiyo isitumiwe kwa forosadi. Ndizi mbichi hubeba akiba kubwa ya wanga ndani yake, na wanga huo ndio hugeuka kuwa sukari baada ya mkungu kukatwa. Forosadi haina akiba kama hiyo. Utamu wake huletwa na mti kupitia kikonyo, siku hadi siku, na kikonyo kikishakatwa njia imefungwa. Tunda lililochumwa likiwa jekundu linaweza kuzidi kulainika na hata kuwa jeusi zaidi, lakini ukali wake utabaki.

Kwa sababu hiyo mchumaji angoje weusi ulioenea hadi kwenye kikonyo, na autumie mkono kuliko macho: tunda lililoiva huachia likiguswa, na lile linalohitaji kuvutwa bado halijawa tayari. Matunda ya mti mmoja hayaivi pamoja, hivyo itabidi kurudi kila baada ya siku moja au mbili. Wengi hutandika shuka au turubai na kuutikisa mti. Njia hiyo huokoa muda, na inafaa kwa matunda yatakayopikwa siku ileile. Lakini tunda lililoanguka kutoka urefu wa mita tatu limekwisha kuumia ndani hata kama halionyeshi, na halifai kuchanganywa na yale ya kuuza au ya kukausha.

Muda bora ni alfajiri, mara umande unapokauka na kabla jua halijapanda. Umande wenyewe ni adui, maana tunda lililolowa huota ukungu upesi. Kwa hiyo katika Kahe mchumaji ana saa mbili hivi za kufanya kazi, na ni afadhali kuchuma nusu ya mti kwa wakati huo kuliko kuumaliza wote adhuhuri. Tumia ungo, sinia, au kapu pana lisilo na kina. Matunda yasizidi kina cha vidole vitatu. Ndoo ndefu ndiyo iletayo hasara kubwa zaidi, ingawa ndiyo iliyo karibu katika kila nyumba. Usioshe matunda mpaka wakati wa kuyatumia. Ondoa lililopasuka papo hapo, kwa maana moja linatosha kuambukiza sinia zima.

Yapo manufaa mengine ambayo wakulima wa nchi za baridi hawana. Huku kwetu mforosadi ukipogolewa na kumwagiwa maji huchipua upya, na machipukizi hayo huja na maua. Mwenye mfereji anaweza basi, kwa kupanga siku ya kupogoa, kuyaelekeza mavuno yaangukie miezi mikavu badala ya masika ya Machi hadi Mei, wakati ambapo hakuna kinachokauka na kila kitu huota ukungu. Aliye na miti miwili aipogoe kwa zamu.

Mtungi na mpaka wake

Watu wengi wamesikia habari za chungu ndani ya chungu: mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, na katikati mchanga unaolowanishwa. Mwalimu wa Naijeria Mohammed Bah Abba aliueneza ufundi huu katika miaka ya 1990. Biringanya, ambazo kwa kawaida zilidumu siku 3 tu katika joto la kaskazini ya nchi hiyo, ziliweza kukaa siku 27. Kanuni yake ni ileile inayoyapoza maji ya kunywa katika mtungi wa nyumbani: maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa kilichobaki. Lita moja ya maji ikikauka huondoa joto la kilojuli zipatazo 2,400. Kupoza kilo tano za matunda kwa nyuzi 10 kunahitaji, kwa hesabu ya karatasini, maji yasiyofikia hata mililita 80.

Hata hivyo kuna mpaka ambao mtungi hauwezi kuuvuka, na mpaka huo huwekwa na unyevu wa hewa. Mchana wa kiangazi, joto likiwa nyuzi 32 na unyevu wa hewa asilimia 40, mtungi bora kabisa hauwezi kushuka chini ya nyuzi 22 hivi. Wakati wa mvua, joto likiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, mpaka hupanda hadi nyuzi 25, na faida yote huwa nyuzi tatu tu. Isitoshe, hewa ya ndani ya mtungi ni yenye unyevu mwingi; nyanya na mchicha huipenda, lakini juu ya forosadi hukaribisha ukungu. Maoni yetu ni kwamba mtungi utumiwe kwa tunda hili kama kituo cha usiku mmoja: matunda yaliyochumwa alfajiri yapoe humo, yakisubiri kupikwa jioni au kupelekwa mjini kesho yake asubuhi. Hata jokofu la umeme haliyaongezei ila siku mbili tatu.

Jamu, na kosa la kipimajoto

Hifadhi ya kweli, basi, ni kulibadili tunda. Njia ya jamu ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wa watu wa Kahe, hasa kwa kuwa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha TPC vipo jirani tu, Arusha Chini.

Jamu haiozi kwa sababu sukari nyingi huyashika maji yaliyomo. Chachu au ukungu ukiangukia humo hupokonywa maji yake yenyewe, ukashindwa kukua. Ili hayo yatokee, sukari yote kwa pamoja, ya tunda na ya kuongezwa, yapaswa kufikia karibu asilimia 65 ya uzito wa jamu iliyokwisha. Anayepunguza sukari kwa kubana matumizi anapika mchuzi mtamu, na mchuzi huo utachacha.

Kuganda ni jambo jingine. Kunatokana na pektini, kitu kilichomo katika kuta za seli za matunda, ambacho hutengeneza wavu kikikutana na sukari na asidi kwa kiasi kinachofaa. Forosadi iliyoiva sana ina upungufu wa vyote viwili, pektini na asidi. Kwa hiyo, katika kila kilo moja ya matunda, sehemu moja katika tano iwe ya yale mekundu ambayo hayajaiva kabisa, na ongeza maji ya ndimu mbili au tatu. Mahali palipo na mapera, pera moja au mawili yaliyokatwakatwa na kuchemshwa pamoja hufanya kazi nzuri, kwani pera lina pektini nyingi.

Chemsha matunda kwanza pamoja na ndimu mpaka yalainike, kwa dakika kumi hivi. Kisha tia sukari, kati ya gramu 750 na kilo moja kwa kila kilo ya matunda, koroga mpaka iyeyuke, ndipo uongeze moto. Sufuria isijazwe kupita nusu, kwa sababu jamu hupanda na kumwagika. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli ndiyo bora. Ya alumini inaweza kutumika kwa muda wa kupika tu. Jamu isilazwe humo. Ndoo ya bati lililopakwa zinki isitumike kamwe, kwa kuwa asidi ya tunda huila zinki hiyo na kuiingiza katika chakula.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo vitabu vya kigeni humfundisha msomaji wetu bila kukusudia. Vitabu hivyo huagiza kwamba jamu imekwisha kuiva kipimajoto kinapofika nyuzi 105. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuitii amri hiyo jikoni Marangu, akachochea kuni kwa saa nzima akiingojea namba hiyo. Kilichopatikana hakikuweza kutolewa chupani kwa kijiko. Kilikuwa jiwe jeusi lenye chembechembe za sukari, na kilo nne za matunda zilipotea pamoja na sukari yake. Kipimajoto hakikuwa kibovu. Kanieneo ya hewa hupungua kadiri tunavyopanda, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kiasi cha nyuzi moja kwa kila mita 300. Tanga, pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kahe kwa karibu 98. Marangu, penye mita 1,400 hivi, kwa karibu 95. Kinachoonyesha kuiva kwa jamu ni tofauti kati ya joto lake na joto la maji yachemkayo mahali hapo hapo, na tofauti hiyo ni nyuzi 4 hadi 5. Kwa hiyo jamu ya Kahe imeiva kati ya nyuzi 102 na 103, na ya Marangu karibu na 100. Aliyengoja 105 huko Marangu alikuwa amekwisha kuyakausha maji mpaka sukari ikapita robo tatu ya uzito wote.

Njia rahisi ni kuanza kwa kupima maji matupu yanayochemka katika sufuria ileile, kuandika namba, na kuongeza nne na nusu. Asiye na kipimajoto atumie kisahani kilichopozwa mtungini: adondoshe tone la jamu, angoje dakika moja, alisukume kwa kidole. Uso wa tone ukikunjamana kama ngozi, sufuria iepuliwe.

Chupa na vifuniko vioshwe na kuchemshwa. Jamu imiminwe ingali moto sana, ikiacha nafasi ndogo juu, kifuniko kikazwe, kisha chupa zilizojaa zirudishwe katika maji yanayochemka, yakizifunika, kwa dakika 10. Muda wa dakika 5 unaotajwa katika vitabu vingine ni wa pwani. Kwa nchi iliyo juu ya mita 300 hautoshi. Andika tarehe juu ya kila chupa. Ukungu ukionekana baadaye, tupa chupa nzima. Zamani tuliambiwa tuukwangue na kula kilichobaki, lakini leo inajulikana kwamba aina fulani za ukungu huacha sumu ndani zaidi ya pale panapoonekana.

Kukausha

Asiye na fedha za sukari ana jua. Watu wa Afuganistani na Irani wamekausha forosadi tangu zamani na kuzila wakati wa baridi, na Afuganistani husagwa hata kuwa unga. Tandaza matunda mazima, safu moja tu, juu ya chicha cha matete au wavu ulioinuliwa kutoka chini ili hewa ipite pande zote mbili, ukifunika kwa chandarua dhidi ya nzi. Yaingizwe ndani kila jioni, kwani umande hurudisha maji ambayo jua limeyaondoa. Katika hali ya kiangazi kazi huchukua siku tatu hadi tano. Kilo 10 za matunda yenye maji asilimia 85 zitabaki kilo moja na robo tatu hivi, zikiwa na maji asilimia 15. Anayeshtuka kwamba amepunjwa akumbuke kwamba kilichoondoka ni maji.

Tunda lililokauka vizuri huwa kama ngozi, wala halitoi unyevu likifinywa. Yatie katika chupa, jaza robo tatu, na yatikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona mvuke kwenye kioo, yarudi juani. Baada ya hapo yafungwe vizuri na kuwekwa gizani, mbali na nondo wa nafaka.

Kwa aliye na friza maelezo ni mafupi: osha, kausha, tandaza katika sinia mpaka yagande moja moja, ndipo yatiwe mifukoni. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hudumu miezi minane hadi mwaka. Umeme ukikatika hadi yakayeyuka, yapikwe jamu siku hiyo.

Jambo la mwisho ni la rangi. Weusi wa forosadi ni rangi iitwayo anthosiyanini, ambayo ni nyekundu penye asidi na hugeuka buluu, hata kijani, penye magadi au majivu. Ndiyo maana doa la forosadi hugeuka buluu nguo ikitiwa sabuni, na ndiyo maana magadi hayafai katika jamu kwa shabaha ya kupunguza ukali wake: licha ya kuharibu rangi, huondoa asidi ambayo pektini inaihitaji ili igande. Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa bilauri tatu za maji ya forosadi, moja ikitiwa ndimu, ya pili ikiachwa, na ya tatu ikitiwa majivu kidogo. Ama doa lenyewe, lisuguliwe kwa forosadi mbichi iliyo kijani kabla ya kukauka, kisha lisuuzwe kwa maji baridi.